Hukumu Mbili: Karama wa Kusadikika na Daktari wa Ibsen

Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Nchi yenyewe iko angani. Mfalme wake hakuchaguliwa na mtu, na mawaziri wake huogopwa kuliko wanavyopendwa. Walakini nchi hiyo ya udhalimu ilifanya jambo moja ambalo miji mingi iliyo huru imeshindwa kulifanya: ilimwacha mshitakiwa aseme mpaka mwisho. Karama alisimama barazani akaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta mambo ya manufaa kwa nchi, na waliporudi wakalipwa adhabu mahali pa shukrani. Majivuno alichukia, lakini hakuweza kumziba mdomo. Mwisho wake Karama akaachiliwa.

Miaka karibu sabini kabla ya kitabu hicho, yaani mwaka 1882, Henrik Ibsen wa Norwei alitoa mchezo wake uitwao En folkefiende, maana yake Adui wa Watu. Mchezo huu ni wa mji mdogo wa pwani wenye kila alama ya uhuru: gazeti, chama cha wenye nyumba, mkutano wa hadhara, na kura. Mji umejenga hamamu kubwa, na wagonjwa wanatoka mbali kuja kuoga na kunywa maji yake. Kodi za nyumba zimepanda, biashara imechangamka. Daktari wa hamamu, Tomas Stockmann, anaona kwamba wageni wa mwaka uliopita walishikwa na homa ya matumbo. Anapeleka maji kwa siri kupimwa chuo kikuu, na jibu linarudi kuwa maji yana sumu ya uchafu utokao katika viwanda vya ngozi vilivyo juu bondeni. Mabomba yametiwa chini mno. Daktari alikuwa amesema hivyo tangu zamani, kabla ya ujenzi kuanza, wala hakusikilizwa.

Msomaji wa Kusadikika atazame hapa jinsi madaraka yalivyogawanyika, au tuseme yalivyokataa kugawanyika. Majivuno anashitaki, na mfalme anahukumu. Ni watu wawili. Katika mji wa Ibsen, Peter Stockmann, ndugu yake daktari, ni meya, ni mkuu wa polisi, tena ni mwenyekiti wa halmashauri ya hamamu. Mtu aliyekubali mabomba yatiwe mahali pabaya ndiye anayepewa taarifa kwamba mahali ni pabaya. Ajabu gani akiikunja akaitia mfukoni? Anamwambia daktari kwamba kuyahamisha mabomba kutachukua miaka miwili na fedha nyingi mno. Kisha anamtaka atangaze hadharani kuwa ana imani na halmashauri. Mtumishi, kwa maoni yake, hana haki ya kuwa na fikira mbali na wakubwa wake. Meya si mwizi, wala hali rushwa. Anaupenda mji wake kama mwenye duka apendavyo duka lake, na hilo ndilo linalotisha zaidi, maana mwizi angalau hujua kwamba anaiba.

Wako wahakiki waliousoma mchezo huu kama sifa ya mtu mmoja mwenye haki dhidi ya kundi la wajinga. Usomaji huo ni mwepesi, na mchezo wenyewe unaukanusha. Hovstad, mwandishi wa gazeti, na Aslaksen, mpiga chapa, mara ya kwanza wako upande wa daktari. Wanageuka lini? Wanageuka saa ile meya anapowaarifu kuwa gharama zitalipwa na wananchi wenyewe kwa mkopo wa mji. Aslaksen ni mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba, na neno lake la kila siku ni kiasi. Kiasi ni sifa njema, lakini hapana kiasi katika kunywa maji ya sumu.

Kilele cha jambo ni mkutano wa kitendo cha nne, nyumbani kwa Kapteni Horster, ambaye peke yake alithubutu kutoa chumba. Daktari amekuja na hati yake. Kabla hajafungua kinywa, watu wanachagua mwenyekiti, na anayechaguliwa ni Aslaksen, meya anatoa azimio kwamba daktari asiruhusiwe kusoma habari za hamamu, Hovstad anaunga mkono, azimio linapita. Kila kitu kimefuata kanuni, na kwa kanuni hizo hizo mji umenyimwa kujua kilichomo katika maji yake. Baadaye wanampigia kura kuwa ni adui wa watu, na aliyepinga ni mlevi mmoja tu. Watu hawa wanalaumiwa kwa kuukataa ukweli, lakini ukweli wenyewe hawakusomewa. Walisikia habari za gharama. Jibu la chuo kikuu hawakulisikia.

Wala daktari hatoki bila lawama. Alipozuiwa kusema habari za maji, angeweza kusimama pale pale na kudai hati isomwe, usiku kucha ikilazimu. Badala yake aliyaacha maji akaanza kuutukana umma: wengi hawana haki kamwe, watu wa kawaida ni kama mbwa wa njiani mbele ya mbwa wa ukoo. Maneno haya yanachukiza, na Arthur Miller alipoutengeneza upya mchezo huu kwa jukwaa la Marekani mwaka 1950 aliyapunguza makali yake. Alitenda vema kwa watazamaji wake, lakini aliufanya mchezo uwe mdogo. Ibsen, ambaye mchezo wake Ghosts wa mwaka 1881 ulikuwa umemletea matusi mengi, alimpa daktari hasira yake mwenyewe, tena akawa mwaminifu kiasi cha kuonyesha kuwa hasira hiyo haikuhamisha bomba hata moja.

Karama alikuwa na hekima zaidi. Naye alikuwa na sababu ya kuwadharau wasikilizaji wake, lakini hakutoka katika shauri lililomleta. Kila siku mjumbe mmoja, safari yake, alichokiona, na malipo aliyopewa. Kwa upande wa sanaa, mpango huu unachosha mahali mahali, na Majivuno ni jina kuliko kuwa mtu. Meya wa Ibsen anapumua, Majivuno hapumui. Lakini kwa ushahidi uliopangwa, Karama anamshinda daktari.

Hata hivyo Kusadikika ina pengo lake, nalo si dogo. Raia wa nchi ile wako wapi? Wanakaa, wanasikia, wanatazama uso wa mfalme. Ushindi wa Karama ni zawadi ya mkubwa aliyekubali kusikia, na mfalme wa kesho huenda asikubali. Shaaban Robert aliandika chini ya utawala wa kigeni, na pengine baraza lisilo na sauti ya raia ndilo alilolijua. Ibsen aliwajua raia wenye kura, akaona kwamba nao huweza kununuliwa kwa hofu ya kodi.

Katika kitendo cha mwisho madirisha ya daktari yamevunjwa, binti yake Petra amefukuzwa ualimu, Horster amenyang'anywa meli. Mkwewe Morten Kiil, ambaye kiwanda chake ndicho kinachotoa uchafu mbaya kuliko vyote, amenunua hisa za hamamu kwa urithi wa mke na watoto wa daktari, ili ulimi wake ufungwe na njaa yao. Daktari anakataa, atabaki mjini afundishe watoto wa mitaani. Anatangaza kwamba mwenye nguvu ni yule asimamaye peke yake, huku amezungukwa na jamaa zake. Majira ya wageni yanakaribia, na mabomba yangali pale pale yalipotiwa.