Nani Anayesema "Mimi"? Uhakiki wa Vitabu vya Wanamichezo Vilivyoandikwa na Wanahabari

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia aina ya kitabu ambayo wanafunzi wetu huisoma kwa hamu lakini sisi walimu hatuihakiki darasani: maisha ya mwanamichezo yaliyoandikwa na mwanahabari wa michezo. Tunafundisha wasifu na tawasifu kama tanzu mbili zilizotengana. Wasifu, tunasema, ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Tawasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwenyewe. Mwanafunzi hukariri maelezo hayo na kupata alama zake. Swali linalotusumbua ni hili: kitabu kinachosema "mimi" kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kumbe kimeandikwa na mtu mwingine, tukiweke katika utanzu gani?

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Mwanahabari wa michezo huandika ripoti ya mechi usiku, na kesho yake jioni gazeti hilo limefungiwa chapati. Baada ya miaka mingi ya kazi hiyo, wengi hutamani kuandika kitu kitakachodumu. Wanao mtaji: wamewajua wachezaji tangu ujana wao, wameaminiwa katika vyumba vya kubadilishia nguo, na wamezoea kumaliza kazi kwa muda uliopangwa. Ndipo mchezaji maarufu asiye na nafasi au ujuzi wa kuandika humtafuta. Mmoja husimulia, mwingine hurekodi na kuandika. Malipo huweza kuwa ya mkupuo au mgao wa mauzo. Jina la mwandishi huweza kuwekwa jaladani kwa herufi ndogo, au lisiwekwe kabisa. Huyo asiyetajwa ndiye tunayemwita mwandishi kivuli.

Mfano unaotuhusu sisi Waganda ni wa Tim Crothers, Mmarekani aliyekuwa mwandishi wa jarida la Sports Illustrated. Mwaka 2009 ilitoka tawasifu ya Roy Williams, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha North Carolina, iitwayo Hard Work. Humo "mimi" ni wa Williams, na Crothers ametajwa jaladani kama msaidizi wake. Mwaka 2012 Crothers akatoa The Queen of Katwe, juu ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe jijini Kampala aliyefundishwa sataranji na Robert Katende. Kitabu hicho kilikua kutokana na makala aliyoiandika katika jarida la ESPN mwaka 2011, na mwaka 2016 kikazaa filamu iliyoongozwa na Mira Nair.

Katika The Queen of Katwe Crothers hakuivaa sauti ya Phiona. Alitumia nafsi ya tatu, akasimama nje kama mgeni aliyekuja kuuliza. Kwa maoni yetu, huo ndio uaminifu mkubwa wa kitabu hicho: msomaji anajua nani anaongea. Udhaifu wake uko kwenye mkondo wa kisa. Kurasa za michezo hupenda safari ya kutoka shimoni hadi kileleni, na kichwa kidogo cha kitabu kinatangaza ndoto ya kufikia daraja la juu kabisa la sataranji. Cheo ambacho Phiona alikipata baada ya mashindano ya Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012 ni cha chini kabisa katika ngazi ya vyeo vya kimataifa vya wanawake. Kwa binti wa Katwe hilo ni jambo kubwa, na lilistahili kusimuliwa kwa ukubwa wake lenyewe bila kuazimwa taji. Tena lugha ya nyumbani kwa Phiona ni Kiganda, lakini maneno yake yanatufikia kwa Kiingereza cha mtu mwingine.

Tulinganishe na Open, tawasifu ya mchezaji tenisi Andre Agassi iliyotoka mwaka 2009. Iliandikwa kwa msaada wa mwanahabari J. R. Moehringer, ambaye hakutaka jina lake liwekwe jaladani. Agassi alimshukuru mwishoni mwa kitabu. Wengi wamekisifu kwa ukweli wake, nasi tunakubali kwamba kinasomeka vizuri mno. Hata hivyo msomaji anayeusifu ukweli wa Agassi anapaswa kujiuliza kama hasifu ufundi wa Moehringer. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa mwandishi kivuli methali hii inapinduka: mwenyewe hayupo, lakini lake lipo katika kila sentensi.

Hapa Afrika Mashariki hali ni hiyo hiyo, na lugha inaongeza uzito. Maisha ya Paul Tergat wa Kenya yaliandikwa kwa Kiingereza na mwanahabari wa Uswisi, Jürg Wirz. Hata Filbert Bayi wa Tanzania, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, tawasifu yake ya mwaka 2022 imetoka kwa Kiingereza, akiiandika pamoja na Myles Schrodt. Hatuwalaumu waandishi hao, kwani walikuja kuuliza wakati sisi tulikuwa kimya.

Nasi hatuna haki ya kuwanyoshea wengine kidole kabla ya kujitazama. Tuliwahi kuwatuma wanafunzi wetu kutoka Arua kwenda Koboko kumhoji mzee mmoja aliyepigana ndondi jeshini ujanani mwake. Koboko dunia inaijua kwa bondia mmoja tu, Idi Amin, aliyekuwa bingwa wa ndondi wa Uganda katika miaka ya 1950 kabla ya mambo mengine yote. Tulitaka wanafunzi wasikie maisha ya bondia mwingine. Mzee alizungumza Kiswahili cha kambini, kilichochanganyika na Kinubi: "Mimi napiga yeye, yeye naanguka, mimi naogopa." Wanafunzi wakaandika: "Nilimtwanga konde zito, naye akaanguka chini kama gogo, nikaingiwa na hofu kuu." Tulisahihisha kazi ile kwa kalamu nyekundu, tukaongeza koma mbili, tukatoa alama za juu.

Wiki iliyofuata walirudi kumsomea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Watoto yangu, hii muzuri sana. Lakini huyu mutu ni nani?"

Swali lile limetuandama. Hatukuongeza tukio hata moja la uongo. Tulichofanya ni kusanifisha, yaani kazi tunayolipwa kuifanya kila siku. Lakini katika kusanifisha tulimwondoa mwenye maisha, tukamweka mwanafunzi wa fasihi mahali pake. Yeye alisema anaogopa, kwa neno moja, kama bondia. Sisi tukampa hofu ya kwenye insha.

Mfano bora tunao katika Kiswahili chenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalichapishwa maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Heinrich Brode, Mjerumani, alimhimiza ayaandike, akayahamisha kutoka herufi za Kiarabu hadi za Kirumi na kuyafasiri. Lakini Kiswahili cha mwenyewe alikiacha kilivyo, na jina la kila mmoja na kazi yake vinajulikana. Tippu Tip alikuwa na mengi ya kujibu kuhusu biashara yake ya pembe na watumwa. Angalau anajibu kwa kauli yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, darasani tuongeze utanzu wa kati, tawasifu iliyosimuliwa kwa mwingine, na mwanafunzi afundishwe kuuliza nani alishika kalamu. Pili, kila kazi ya aina hiyo inayoandikwa na wanafunzi wetu imtaje msimulizi na mwandishi, na maneno halisi ya msimulizi yahifadhiwe kando ya yale yaliyosanifishwa. Tatu, tuwaalike watangazaji wa michezo wa redio zetu. Onduparaka ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, Arua nzima ilikuwa na la kusema. Waliotangaza mechi zile wanayo masimulizi ambayo hayajatoka vinywani mwao, na vijana wa timu ile hawatabaki vijana.

Sisi tumeanza kwa kurudi Koboko. Kazi ile ya wanafunzi tumeifuta alama, na mzee amekubali kusimulia upya. Safari hii kinasa sauti kitatangulia, na kalamu nyekundu itabaki Arua. Tunawakaribisha wasomaji watuletee maoni yao.