Risasi Tatu za Mega Man

Msimamishe Mega Man ndani ya Super Smash Bros., mchezo wa mapigano wa Nintendo, bonyeza kitufe cha pigo la kawaida: anafyatua kirisasi cha njano. Mtembeze, bonyeza tena: kirisasi kilekile. Mrushe juu, bonyeza: kilekile. Katika mchezo huu kila mpiganaji hupewa nafasi 17 za mapigo, ukiacha kukaba na kutupa. Mega Man amezitumia tatu kati ya hizo kwa tendo moja tu, tena tendo dhaifu. Kwenye karatasi huo ni ubadhirifu. Ukimcheza, ndipo unapotambua kwamba nafasi hizo tatu ndizo zilizomfanya awe Mega Man, na kwamba zile 14 zilizobaki zilipangwa kulipia deni lake.

Turudi Desemba 1987. Capcom wanatoa mchezo wa Famicom, mashine ya Nintendo, ambao Japani unaitwa Rockman na kwingineko Mega Man. Pedi ya Famicom ina msalaba wa mwelekeo na vitufe viwili vya maana: kimoja cha kuruka, kimoja cha kufyatua. Shujaa huyu hawezi kuchuchumaa wala kulenga juu. Risasi inakwenda mbele kwa mstari ulionyooka, na zikishafika tatu kwenye skrini ya nne haitoki mpaka mojawapo ipige au ipotee. Mashine yenyewe ilikuwa na uwezo wa kuchora vipande 8 tu vya picha zinazotembea katika mstari mmoja wa skrini; vikizidi hapo, vinaanza kupepesa. Kwa hiyo adui akiwa juu kidogo au chini kidogo ya mkono wa Mega Man, kazi ya mchezaji ni kuruka kwa kipimo mpaka mkono ulingane na shabaha. Huko kupimia ndiko mchezo wenyewe. Mengine yote, kuanzia maroboti hadi ngazi na miiba, yapo ili kukusumbua wakati unapimia.

Sasa mlete bwana huyu katika ulingo mmoja na Mario, Kirby na Donkey Kong. Masahiro Sakurai, mbunifu mkuu wa Smash, na kundi lake walimtangaza Juni 2013, akatoka na mchezo wa 2014 kwa 3DS na Wii U, kisha akaendelea katika Super Smash Bros. Ultimate ya Desemba 2018. Njia rahisi ilikuwa wazi kabisa: mpe ngumi mbili na teke, mpe bunduki yake kama pigo maalumu, basi. Watu wangemtambua kwa rangi ya buluu na kofia. Wabunifu wengi hufanya hivyo wanapoalika steringi wa zamani: wanachukua sura yake na kumvika mwili wa mtu mwingine.

Walichofanya Sakurai na wenzake ni kuanza na yale asiyoweza. Hawezi kupiga ngumi, basi pigo la kawaida lisiwe ngumi. Lakini pigo la kawaida katika Smash lina kazi yake: ni la kumsukuma mtu aliyekujia puani. Ngumi ya Mario inafika katika fremu ya 2, na mchezo unakwenda fremu 60 kwa sekunde. Ukimganda, anakubandua kabla hujapumua. Mega Man hana kitu cha namna hiyo. Akigandwa, yuko taabani. Udhaifu wa 1987 umehama na mwenyewe ukaja kukaa ndani ya jengo jipya, na mpinzani mwenye akili anaujua tangu dakika ya kwanza.

Fidia yake iko miguuni. Wapiganaji wengi wa Smash husimama wanapopiga wakiwa chini: mwili unatia nanga, mkono unatoka, mwili unarudi. Mega Man anatembea huku anafyatua, mbele au nyuma, na akiruka anaendelea kufyatua bila mwendo wake kukatika. Ndiyo sababu risasi moja ilihitaji nafasi tatu. Kusimama, kutembea na kuruka vikitoa kitu kimoja, kidole chako kinasahau kwamba hizo ni nafasi tatu tofauti, na unarudi katika hali ya pedi ya vitufe viwili. Hata ile hesabu ya risasi tatu kwenye skrini wameibakiza. Hakuna mashine ya 2014 inayoshindwa kuchora risasi ya nne. Kikomo kilichozaliwa enzi za mashine dhaifu kimegeuzwa kuwa mdundo: tatu, subiri, tatu, subiri. Katika kusubiri huko ndiko mpinzani anakoingilia.

Kazi ya pili ilikuwa silaha. Katika michezo yake, Mega Man akimshinda bosi anachukua silaha yake. Ukitaka kuibadili unasimamisha mchezo, unafungua orodha, unachagua, unarudi. Katika pambano la watu wanne hakuna wa kukusubiri ufungue orodha. Wakaigeuza pedi nzima kuwa orodha: elekeza juu na ubonyeze, unapata silaha hii; chini, ile; hewani kwa nyuma, nyingine. Pande nyingi zina bosi wake. Metal Blade, Crash Bomber, Leaf Shield na Air Shooter zinatoka katika Mega Man 2 ya 1988. Hard Knuckle, Top Spin na Spark Shock zinatoka katika ya tatu, ya 1990.

Chaguo lililokaa vizuri kuliko yote, kwa macho yangu, ni pigo zito la mbele. Katika Smash pigo zito linaongezwa nguvu kwa kushikilia kitufe kabla ya kuachia. Katika Mega Man 4, ya 1991, bunduki iliongezewa uwezo wa kujazwa nguvu, na inajazwa kwa kushikilia kitufe kabla ya kuachia. Michezo miwili iliyobuniwa mbali na mbali ilikuwa na desturi moja, na mbunifu hakuongeza chochote. Aliiona tu.

Kuna kilichopotea, nacho si kidogo. Katika michezo ya asili kila silaha ilikuwa na kiasi chake cha nishati, na kila bosi alikuwa na silaha inayomuumiza kuliko nyingine. Mchezaji alikuwa anatafuta mpangilio: nianze na nani ili nipate cha kumwangushia nani. Mnyororo huo haukuweza kuvuka. Kirby hana udhaifu maalumu kwa Metal Blade, na nishati inayokwisha ingemwacha mtu mikono mitupu katikati ya pambano. Gharama ikahamishiwa kwenye muda. Pigo lake zito la chini, Flame Blast, linasimamisha nguzo za moto pande zote mbili, lakini ukilikosesha unabaki umeganda, mpinzani anachagua pa kukupigia. Zamani ulilipa kwa nishati, sasa unalipa kwa fremu.

Metal Blade nayo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Katika Mega Man 2 ilikuwa silaha ya anasa: inarushwa pande 8, na inatumia nishati kidogo sana hivi kwamba wachezaji wengi walisahau bunduki yenyewe. Ingeingia Smash hivyohivyo ingeharibu mchezo. Wameiachia pande zake 8, halafu wakaweka mtego: ikikosa na kuchoma ardhini, inabaki pale kama kifaa, na yeyote anaweza kuiokota, pamoja na yule uliyemlenga. Wameipa uwezekano wa kukugeukia. Crash Bomber ni mantiki ileile. Zamani ilinasa ukutani. Sasa inanasa mwilini mwa mtu, na mtu huyo akimgusa mwenzake bomu linahamia kwa mwenzake, hata akiwa ni wewe uliyelirusha. Hata Rush, mbwa wa roboti mwenye springi mgongoni anayemrusha Mega Man juu, anabaki hapo kwa sekunde kadhaa na adui anaweza kumkanyaga akapaa pia. Mchezo wa mtu mmoja dhidi ya mashine umekuwa wa watu wanne, na silaha hizi zimebadilishwa kuwa mali inayoweza kubadili mwenyewe.

Nisichokikubali ni lile pigo la juu la karibu, Mega Upper. Limetoka katika Marvel vs. Capcom ya 1998, na ni ngumi ya kupanda inayofanana mno na ya Ryu wa Street Fighter. Naelewa shida waliyokuwa nayo: shujaa asiye na mikono ya karibu alihitaji angalau kitu kimoja cha kumwinua mtu. Kwa hewani walichimba mpaka wakapata upanga wa moto katika Mega Man ya nane na kucha katika ya saba, na vyote viwili vinaingia bila kelele. Kwa ngumi hii walichoka kuchimba.

Linganisha na Ryu mwenyewe, aliyeingia Juni 2015. Kumbukumbu yake imo vidoleni mwa mchezaji, tofauti na Mega Man ambaye kumbukumbu yake imo kwenye skrini. Kwa hiyo walimwachia amri zake za kuzungusha mwelekeo: ukibonyeza kirahisi pigo linatoka, ukizungusha kama enzi za mashine za ukumbini linatoka kali zaidi. Simon Belmont wa Castlevania, wa 1986, alikuwa kesi ngumu kuliko wote. Mruko wake wa asili ulikuwa hauongozeki, ukisharuka umeruka. Katika mchezo ambao kuanguka nje ya jukwaa ni kifo, kuuleta mzima kungekuwa kumchimbia kaburi, ndipo akaletwa katika hali ya uzito tu: anaongozeka hewani, ila kwa shida.

Huku kwetu Mpanda, mkoani Katavi, mashine ya Nintendo ni kitu cha kutazamwa kwenye simu ya mtu. Kibanda cha gemu ni PlayStation, mpira na Tekken. Wachezaji wa hapa wameonja jambo hili kupitia Akuma, aliyetoka Street Fighter akaingia Tekken 7. Alikuja na mruko wake mrefu, mipira yake ya nguvu na mita yake ya kujazwa, katika mchezo ambao wenyeji wake hupigana chini na kukwepa kwa kuzungukana. Aliyezoea Tekken alijikuta anacheza gemu mbili kwa wakati mmoja. Wengi walimlalamikia, na walikuwa na haki: alihifadhi uwezo wake wote wa zamani na kuacha nyuma mipaka yake.

Kibanda kina sheria nyingine ambayo wabunifu wa Osaka na Tokyo hawaipangii. Ukipigwa, unampisha mwenzako pedi. Anayejifunza ana raundi chache tu kwa pesa yake, na hapati saa nzima ya kufanya mazoezi peke yake. Hiyo ndiyo siri ya Eddy Gordo tangu Tekken 3: bonyeza mateke hovyo na mwili unacheza kapoeira yenyewe. Mega Man kwa kipimo hicho angeweza kuishi hapa. Risasi moja inaeleweka papo hapo. Zile silaha nyingine unazigundua kadiri unavyopisha pedi na kuirudia.

Njia hii ya kuanza na yale mpiganaji asiyoweza naijaribu kwa mhusika wa hapahapa. Hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa 1974 na yenye kilomita za mraba 4,471, imebeba jina la Katabi, mzimu wa Wabende ambao masimulizi yanasema makao yake ni mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu wameendelea kupeleka sadaka hapo. Mbunifu mwenye haraka atampa viboko wa Ikuu hifadhini humo, wale wanaosongamana kwenye tope wakati wa kiangazi, wakanyage ukumbi mzima kama pigo la mwisho. Hilo ni bango la watalii. Sadaka nazo nisingezigusa kabisa. Zina wenyewe, na si vitu vya kuokota kama Metal Blade.

Swali la kwanza ni lilelile: hawezi nini? Katabi haondoki mahali pake. Wapiganaji wengine wote wanakimbia, yeye anakaa. Basi nafasi ya pigo la kukimbia ningeiacha tupu, kwa makusudi. Pigo maalumu la chini liwe kuotesha mkwaju, mmoja tu kwa wakati, na mapigo yake mengine yapate nguvu akiwa chini ya kivuli chake na kuwa hafifu akiwa mbali. Mgeni kibandani ataliona hilo katika raundi ya kwanza bila kuelezwa.

Tatizo ni kwamba mchezaji mwoga atakaa kivulini na mpinzani atakataa kumwendea, saa isonge mpaka muda uishe. Kuudhoofisha mti kila anapopiga kungeondoa uoga huo, lakini mkwaju unaochakaa hauendani na masimulizi. Ningeazima wazo la Rush: kivuli ni cha yeyote anayefika. Mpinzani akiingia chini ya mti, nguvu ya ziada ya Katabi inazimika mpaka atoke. Hapo mpinzani ana sababu ya kumwendea, na Katabi ana kazi ya kumtoa mgeni. Kwa hiyo pigo lake la kawaida lisiwe ngumi ya kuumiza. Liwe msukumo: uharibifu mdogo, kasi ya fremu 3 au 4, na umbali wa kumtupa mtu hatua mbili nje ya kivuli.