Fani ya Msitu wa Karura

Kuna jambo moja ambalo Msitu wa Karura unalifanya vizuri kuliko bustani yoyote ya Nairobi: unakusahaulisha jiji ungali ndani ya jiji. Huku kuna Muthaiga, kule Runda na Gigiri, magari yamejaa Barabara ya Limuru na ya Kiambu, na bado mtu hutembea muda mrefu asione hata paa la nyumba. Hekta 1,041 ni eneo kubwa, lakini ukubwa peke yake hauelezi hilo. Linaelezwa na jinsi njia zilivyopangwa. Wahakiki wa Kiswahili tumelelewa kutazama kazi kwa fani na maudhui, nami naona Karura inastahili kusomwa hivyo, kwa sababu wengi husifu maudhui yake, yaani miti, hewa na ndege, wakaipita fani yake kana kwamba ilijiotea.

Tuanze na vigingi vya namba. Njia zinapokutana pana kigingi chenye namba, na namba hiyo utaiona pia kwenye ramani. Ni kitu cha kawaida kabisa, lakini tazama kinavyofanya kazi. Anayepanda Longonot anajua safari inaelekea wapi, kwa kuwa mlima una kilele. Karura haina kilele. Maporomoko ya maji yapo, mapango walimojificha wapiganaji wa Mau Mau yapo, ila hakuna njia inayokulazimisha uyafikie mwishoni. Njia zinazunguka, zinakatana, zinarudi. Msomaji wa tenzi atalitambua umbo hili: ubeti mmoja husimulia vita na mwingine ukaomba dua, lakini kina cha bahari kinarudi kilekile ubeti baada ya ubeti, na ndicho kinachomshika msomaji asipotee. Kigingi kinafanya kazi hiyohiyo msituni. Na kwa msitu wa kando ya jiji umbo hili ndilo linalofaa, maana anayekuja hapa haji mara moja maishani. Anakuja kila Jumamosi, leo kwa mwendo mfupi, wiki ijayo kwa mrefu, na kila mara anajitungia safari mpya kwa namba zilezile.

Namba hizo zina maudhui yake pia. Miaka ya 1990 Karura ilikuwa mahali pa kuogopwa. Mtu mwenye akili timamu hakuingia humo peke yake. Leo kuna ua wa umeme, kuna walinzi, na mwanamke anakimbia asubuhi bila wa kumsindikiza. Akiteguka mguu, anaweza kupiga simu akataja namba ya kigingi, na anayekuja kumsaidia akajua pa kwenda. Fani iliyompa mtu uhuru wa kutembea haiwezi kuitwa pambo.

Udhaifu wake nauona hapohapo. Namba husawazisha kila kitu. Inakuambia uko wapi, haikuambii umesimama juu ya kazi ya nani.

Kazi hiyo inaonekana kwa anayetaka kuiona. Ukipita penye mikaratusi, mashina yamesimama kwa safu, yamenyooka, na chini yake pamekauka, hapana mengi yanayoota. Mti huu uliletwa kutoka Australia mwanzoni mwa karne iliyopita ili kulisha kwa kuni injini za reli, na safu hizo zingali zinasema lugha ya mvunaji: hesabu, kata, panda tena. Endelea kidogo uingie kwenye msitu wa asili, penye mihugu, mti ambao wachongaji wameutafuta mno kwa ugumu wake. Mwanga unavunjikavunjika, mitambaazi imepanda mashina, hakuna mti unaolingana na jirani yake. Mpaka kati ya sehemu hizi mbili hauhitaji bango. Kwangu ndio ukurasa bora wa Karura yote, na wapita njia wengi huuvuka wakizungumza.

Sasa msitu unarudishwa kwenye umbo lake la asili, na kazi hiyo hufanywa na Shirika la Misitu la Kenya pamoja na Marafiki wa Karura, chama cha jamii kilichopata nafasi kwa Sheria ya Misitu ya 2005. Wanaojitolea hupewa glavu na majembe, na adui wao mkubwa ni lantana. Ukiikaribia unaona maua mazuri, ya njano na ya waridi katika kichala kimoja. Ukiishika, jani linakwaruza na shina lina miiba midogo iliyopinda. Ukiikata kwa panga juu ya ardhi umeipogoa tu, itachipua. Lazima uchimbe pembeni, ulegeze udongo, ung'oe shina pamoja na kisiki chake, kisha urudi baadaye, kwa kuwa ndege wamekula matunda yake na kuangusha mbegu kwingine. Njia unayopita bila kuchanwa imepita kwanza mikononi mwa mtu.

Hapa ndipo historia na fani zinapokutana. Tarehe 8 Januari 1999, mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda Karura kupanda mti, wakati ardhi ya msitu ilikuwa imegawiwa wajenzi. Walishambuliwa na walinzi, naye akapasuliwa kichwa. Katika kitabu chake Unbowed anasimulia kwamba alitia sahihi taarifa ya polisi kwa damu yake. Kinachonigusa zaidi ni zana za mapambano yale. Walikwenda na miche na majembe, wakamwagilia walichopanda, wakafukuzwa, wakarudi. Maandamano yao yalikuwa na umbo lilelile la Jumamosi ya wanaojitolea leo. Agosti mwaka huohuo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Karura ina kona yenye jina la Maathai, na ni haki yake. Ila kumbukumbu yake imewekwa mahali pamoja, ilhali kazi yake ilikuwa ya kurudiwa kila mahali. Ningependa baadhi ya vigingi viandikwe, chini ya namba, mwaka ambao lantana iling'olewa hapo na aina za miche iliyopandwa. Neno fupi kama hilo lingemfanya mtembeaji ajue kwamba anasoma kazi inayoendelea kuandikwa.

Siku za kupanda miti huvuta watu wengi wakati wa masika, na picha hupigwa. Miche hufa baadaye, majani yanapoizidi kimo au kiangazi kinapoikuta bila maji. Kwa hiyo ukienda Karura Aprili kupanda, weka pia siku ya Julai ya kupalilia na ya Septemba ya kumwagilia, na uende na mwenzako.