Jukwaa Lililobaki Ukutani

Msikiti Mkuu wa Djenné, nchini Mali, uliojengwa kwa udongo mwaka 1907, husifiwa zaidi kwa minara yake mitatu. Mimi huanzia kwenye matita ya vijiti vya mvumo yaliyochomoza ukutani safu juu ya safu, yale ambayo wenyeji huyaita toron. Wapiga picha wameyafanya pambo, na kweli yanapamba: jua likipanda, kila tita hushusha kivuli chake, na ukuta uliokuwa bapa ukapata mapigo. Lakini umbo hili limezaliwa na kazi. Mvua hula udongo, kwa hiyo kila mwaka watu wa mji hutoka kuukandika msikiti upya. Mafundi hupanda ngazi, kisha hukanyaga matita hayo hayo. Jukwaa halikubomolewa, kwa kuwa kazi yake haikomi.

Ustadi wake uko kwenye maungio. Tazama majukwaa mengi ya mirunda mitaani kwetu: nguzo zimesimamishwa juu ya vipande vya tofali, mirunda ya kulala imegongewa misumari miwili mitatu, wa mshazari haupo hata mmoja, na ukutani jukwaa limeegemea tu. Likivutwa kwa nje, linakuja lote na watu wake. Tita la Djenné halina pa kuteleza, maana shina lake limezama ndani ya ukuta.

Hata hivyo, aliyelibuni aliufikiria ukuta zaidi ya fundi. Tita hubeba unyayo, basi. Hakuna mbao zilizopangwa zikabanana, hakuna cha kumzuia mtu akipepesuka. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka mkingo wa juu usipungue sentimita 95 kutoka kwenye ubao wa kukanyagia, mwanya kati ya mkingo na mkingo usizidi sentimita 47, na vifaa vizuiwe visimwangukie aliye chini. Mikingo hiyo haibebi tofali wala ndoo ya zege, na ndiyo maana mkandarasi anayebana fedha huanza kuikata hiyo. Inaniuma, kwa sababu anayelipa ni saidia fundi.

Kwa ukuta wa ghorofa tatu ningechagua mabomba ya chuma yenye mikingo kamili. Kutoka Djenné ningechukua ule mshiko: jukwaa lifungwe kwenye jengo kila linapopanda ghorofa, na asipande mpiga plasta kabla vifungo havijakaguliwa.