Lugha kama Tendo katika Filamu za Sembène Ousmane, 1971–1977

Miongoni mwa filamu za Kiafrika za miaka ya sabini, tatu za Sembène Ousmane wa Senegali zinastahiki nafasi ya mbele: Emitaï (1971), Xala (1975) na Ceddo (1977). Mara nyingi zimesifiwa kwa maudhui yake, yaani ukoloni, ukoloni mamboleo na migongano ya kitabaka. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Katika filamu hizi lugha si vazi la maudhui; ni tendo linalousukuma mbele mgogoro wenyewe.

Sembène (1923–2007) alianza kwa riwaya za Kifaransa, ambazo umma wa nchi yake, uliokosa elimu ya kusoma, haukuweza kuzifikia. Ndipo akaigeukia filamu. La Noire de... (1966) ilisema Kifaransa. Katika Mandabi (1968) Kiwolofu kilishika nafasi yake. Katika Emitaï alipiga hatua nyingine: wakulima wa Casamance, wanaodaiwa mpunga na vijana wao na wakoloni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanasema Kijola. Kwake, basi, kuithamini lugha ya Kiafrika hakukuwa kuipa lugha kubwa moja haki ya kuzimeza nyingine.

Hoja hii inajidhihirisha zaidi katika Xala. El Hadji, mfanyi biashara tajiri, anaoa mke wa tatu, na usiku wa arusi anapatwa na xala, yaani uhanithi wa kurogwa. Bintiye Rama anamtembelea ofisini. Baba anasema Kifaransa, binti anajibu kwa Kiwolofu. Baba anampa maji ya chupa kutoka ng'ambo, binti anayakataa. El Hadji anamfokea kwa kutumia lugha ya mama yake. Baadaye, wenzake katika Baraza la Wafanyi Biashara wanapokutana kumfukuza, yeye mwenyewe anaomba kujitetea kwa Kiwolofu. Anakataliwa, hata matusi lazima yatolewe kwa Kifaransa. Hapa ndipo kinaya cha filamu kinapokomaa: lugha aliyomkataza mwanawe ndiyo anayoihitaji siku ya hukumu yake, na mlango aliosaidia kuufunga unamfungikia yeye.

Yako maoni kwamba mwisho wa filamu, ambapo ombaomba wanamtemea mate El Hadji, ni ushindi wa wanyonge. Maoni hayo yanahitaji kupimwa. Mate yanamwangukia mtu mmoja aliyekwisha kuanguka. Baraza linabaki salama, na kiti chake kinakaliwa na mwizi wa mifukoni aliyemwibia mkulima. Wanyonge wamepata sauti, lakini hawajapata mahali pa kuitolea.

Ceddo inalikabili swali hilo moja kwa moja. Barazani kwa mfalme, maneno hupitia kwa Jaraaf, msemaji wa ikulu, naye huyafikisha upande wa pili. Lugha ni moja, lakini si kila mtu ana haki ya kusikiwa. Hata nje ya hadithi filamu hii iliponzwa na lugha: serikali ya Rais Senghor, mshairi wa Kifaransa, iliizuia kwa hoja kwamba jina lake liandikwe kwa "d" moja. Mradi filamu yenyewe inahoji jinsi Uislamu ulivyoingia na kushika utawala, ni vigumu kuamini kwamba herufi moja ndiyo iliyoogopwa.

Mwaka huohuo wa 1977, nchini Kenya, tamthilia ya Kikuyu Ngaahika Ndeenda ilipigwa marufuku baada ya kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Matukio haya mawili yana funzo kwa fasihi ya Kiswahili pia. Kazi haiwi ya umma kwa sababu tu imeandikwa katika lugha ya umma. Mhakiki hana budi kuuliza, kama Sembène alivyouliza, ni nani ndani ya kazi hiyo aliyeruhusiwa kusema, na ni nani anayelazimika kumsikiliza.