Sifa za Fundi Anayeuliza Kwanza

Kompyuta ya mezani iliyogoma kuwaka hufika kwa fundi ikiwa imekwisha kuhukumiwa. Mwenyewe anasema imekufa. Jirani amemwambia mazabodi imeungua, na mwingine ameshamtajia bei ya mashine mpya. Ninayemsifu hapa ni fundi asiyeipokea hukumu hiyo na pia asiyekimbilia bisibisi. Anaanza kwa kuuliza, na kwa maoni yangu ufundi wenyewe ndio huo. Kufungua skrubu mtu yeyote mwenye mikono anaweza.

"Iliwaka vizuri mara ya mwisho lini, mama? Umeme ulikatika? Kuna mtu aliyeihamisha, au aliyechomeka kitu kipya? Ukibonyeza, feni inazunguka? Inalia?" Maswali haya hayana makeke, lakini kila moja linafunga njia kadhaa za kupotea. Fundi mahiri huyauliza kwa upole, kwa kuwa anajua watu huficha. Chai ilimwagika, na mtoto akaonywa asiseme. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mgonjwa huyu hana kinywa, na anayeweza kumsemea ni mwenyewe aliyekuwapo. Akiona dalili ya kulaumiwa, atanyamaza.

Majibu yakipatikana, neno "haiwaki" hugawanyika. Kuna kompyuta iliyo kimya kabisa, bila taa wala feni; hiyo inampeleka fundi kwenye soketi, waya, kitufe cha kuwashia na pawa saplai. Kuna inayozungusha feni huku skrini ikibaki giza. Hapo anashuku ramu, kadi ya picha, mazabodi au prosesa. Na kuna inayoonyesha jina la mtengenezaji kisha ikakwama. Hiyo imekwisha kuvuka hatari nyingi, na tatizo huenda liko kwenye diski, kwenye mipangilio au kwenye mfumo endeshi. Anayezitibu zote tatu kwa dawa moja, yaani kupiga Windows upya, anamwibia mteja muda, na mara nyingine anamfutia picha na nyaraka zake.

Utaratibu huu unafuata safari ya mashine yenyewe. Katika muundo wa ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995 na ambao bado unatumika katika kompyuta nyingi za mezani, umeme mdogo wa volti 5 hubaki macho hata mashine ikiwa imezimwa. Ukibonyeza kitufe, pawa saplai huamshwa na kuanza kutoa volti 12, 5 na 3.3. Volti hizo zikitulia, pawa saplai hutuma ishara kwamba umeme uko sawa, na hapo ndipo prosesa huruhusiwa kuanza kazi. Kisha programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye mazabodi, bayosi, hukagua viungo kimoja baada ya kingine kabla ya kutafuta diski yenye mfumo endeshi. Kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 1981 tayari ilikuwa ikijikagua hivyo, na mambo yakiwa shwari ilitoa mlio mmoja mfupi. Milio iliwekwa kwa sababu ya msingi: hitilafu inaweza kutokea kabla skrini haijaweza kuonyesha neno lolote.

Kwa hiyo fundi husikiliza. Mashine ikiwa na spika, atazima, atachomoa ramu zote na kuwasha tena. Ikianza kulalamika kwa milio, hiyo ni habari njema: prosesa iko hai, bayosi inasoma, mazabodi bado ina fahamu. Atasugua meno ya ramu kwa raba ya penseli, hasa huku pwani ambako unyevu na chumvi ya bahari havina huruma kwa chuma, kisha atarudisha kipande kimoja tu. Atabadilisha kitu kimoja, atajaribu, ndipo aende kwenye kingine. Akibadilisha viwili kwa pamoja na mashine ikawaka, hatajua kilichoiponya, na mteja anaweza kulipia kifaa ambacho hakikuwa na kosa.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha betri ya CR2032, ile ya volti 3 yenye umbo la sarafu. Kompyuta nyingi tunazonunua zilikwisha kufanya kazi maofisini kwa miaka mingi kabla ya kutufikia, na betri zake zimechoka. Betri ikiisha nguvu, umeme ukikatika saa ya mashine hurudi miaka ya nyuma, na mipangilio ya bayosi inaweza kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Mpangilio mmojawapo ni namna ya kuzungumza na diski. Kama Windows iliwekwa chini ya mpangilio mwingine, itaanza kupakia kisha itaanguka kwa skrini ya bluu. Fundi wa pupa atasema diski imekufa. Fundi ninayemsifu ataitazama saa kwanza. Akikuta tarehe ya zamani, atabadilisha betri, atarejesha mpangilio, na kila faili litakuwa mahali pake.

Ufundi huu una mipaka yake, na kuijua ni sehemu ya sifa. Pawa saplai inayotumia umeme wetu huhifadhi ndani yake zaidi ya volti 300, na baadhi ya vipuri vyake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Mwenye busara huibadilisha nzima badala ya kuichokonoa. Diski inayogonga ndani haiwashwi mara kwa mara kwa majaribio. Huzimwa, na suala la kwanza huwa ni kuokoa kilichomo.

Hata hivyo, ndugu zangu, tunawalipa vibaya watu hawa. Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, mteja hulipa bila manung'uniko akionyeshwa kifaa kipya, lakini hukunja uso akiambiwa kosa lilikuwa waya uliolegea au betri iliyochoka. Kwa desturi hiyo tunamwadhibu fundi mkweli na kumfundisha kijana anayejifunza kazi kwamba uongo una faida. Basi ukipeleka kompyuta yako, patana kwanza na fundi bei ya kutafuta tatizo, mbali na bei ya vifaa. Mweleze yote yaliyotokea, hata ya aibu. Na akikurudishia mashine inayowaka bila kubadilisha chochote, mlipe kwa moyo mmoja, kwa sababu amekuuzia maarifa.