BENDERA YA TAIFA NA BENDERA YA CHAMA: KOSA LA KUZICHANGANYA

Katika madarasa mengi ya itikadi somo la bendera ya Taifa hupitiwa upesi mno. Mwanafunzi hukariri kwamba kijani ni ardhi na mimea, buluu ni maji ya bahari, maziwa na mito, njano ni madini, na nyeusi ni watu. Kisha somo limekwisha. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Hayamwezeshi kada kutambua kosa lililomo katika baadhi ya matawi yetu, yaani kuichukulia bendera ya Taifa na bendera ya Chama kana kwamba ni kitu kimoja. Kosa hili si la adabu tu, ni la kiitikadi. Hivyo hapana budi lichambuliwe.

Historia ya rangi

Wako ndugu wanaodai kwamba, kwa kuwa rangi za Taifa zilitokana na vyama vya ukombozi, bendera ya Taifa ni mali ya Chama. Ni kweli kwamba bendera ya TANU ilikuwa ya kijani, nyeusi na kijani, na ya ASP ilikuwa ya buluu, nyeusi na kijani. Lakini tarehe 9 Desemba, 1961 Tanganyika ilipojitawala, TANU haikuigeuza bendera yake kuwa ya Taifa kama ilivyo. Iliongezwa mistari myembamba ya njano, na tangu siku hiyo zikawa bendera mbili. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili, 1964, rangi za pande zote mbili ziliwekwa katika bendera moja.

Tena, tarehe 5 Februari, 1977 TANU na ASP zilivunjwa, ikazaliwa CCM na bendera yake ya kijani yenye jembe na nyundo. Bendera za vyama vya awali zilishushwa, lakini ya Taifa haikuguswa. Kama ingekuwa mali ya vyama hivyo, ingalishuka pamoja navyo.

Chanzo cha kosa

Kosa hili lina chanzo chake katika hali halisi. Chini ya Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, mwenyekiti na katibu wa Chama katika kijiji ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa halmashauri ya kijiji. Kiongozi alikuwa mmoja, na mwananchi hakuwa na sababu kubwa ya kuuliza ipi ni bendera ya nani. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa na hali hiyo ikakoma. Mazoea, hata hivyo, hayafi kwa sheria. Ndiyo maana hutokea njia nzima ikapambwa kwa bendera za Chama siku ya mkutano, huku ya Taifa kwenye ofisi ya kijiji ikiwa imepauka na kuchanika pembe.

Mfano wa Rungwe

Rungwe inatupa funzo. Wajerumani walijenga boma Tukuyu, wakauita mji huo Neu-Langenburg, na bendera yao ikapepea hapo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Mwingereza aliwaondoa akaweka yake. Mkulima wa Rungwe hakuulizwa mara zote mbili. Bendera hizo zilikuwa za mtawala. Kazi ya mkulima ilikuwa kutii na kulipa kodi. Uhuru ulibadili maana hiyo: bendera ikawa ya anayetawaliwa, kwa sababu sasa anajitawala. Kada anayeifanya bendera ya Taifa kuwa ya wanachama peke yao anairudisha, bila kujua, kwenye maana ya kikoloni.

Tuzitazame rangi hapo hapo. Kijani ni migomba na chai ya Rungwe. Buluu ni Ziwa Nyasa, huko Kyela, iliyokuwa sehemu ya Rungwe kabla ya kuwa wilaya. Utajiri wa ardhini ni makaa ya mawe ya Kiwira. Lakini mgomba haujipandi, chai haijichumi, na makaa hayajichimbi. Ndiyo maana mkanda mweusi, yaani watu, umepita katikati ukizigusa pande zote mbili. Mkanda huo haubagui mwenye kadi na asiye na kadi. Mchuma chai wa chama kingine naye yumo.

Wajibu wa makada

Kwanza, wakufunzi wafundishe historia ya rangi pamoja na maana yake. Pili, kila tawi litenganishe mlingoti wa Chama na wa ofisi ya umma. Tatu, kwa kuwa mvua za Tukuyu huozesha kitambaa mapema, viongozi wa vijiji wakumbushwe kubadili bendera ya Taifa kabla haijachakaa.

Chama hakipungukiwi kitu kwa kuitenga bendera yake. Kinachokipunguzia heshima ni mwananchi kuiona bendera ya nchi yake akadhani si yake.